Omu Ngapi Kutoka Pwani Hadi Tabora?

 

Kusudi la mhadhara huu ni moja. Tarakimu ya ukinzani haisafiri peke yake. Ikitoka kwa fundi mmoja kwenda kwa mwingine, au kituo kimoja hadi kingine, sharti iandamane na mambo matatu: kizio kilichotumika, ukubwa wa kizio hicho (mili, kilo au mega), na hali ya kitu chenyewe siku kilipopimwa. Likikosekana moja, kinachofika ni namba tu. Hoja zitapangwa kwa nambari ili anayetaka kubisha ajue abishe wapi.

Kwa wasio mafundi, neno moja la utangulizi. Ukinzani ni kiasi ambacho waya, udongo au maji huzuia mkondo wa umeme usipite. Volti moja ikisukuma mkondo wa ampea moja, ukinzani ni omu moja. Mjerumani Georg Simon Ohm aliichapisha kanuni ya uhusiano huo mjini Berlin mwaka 1827.

Hoja ya kwanza: katika njia ya misafara, waya ulipimwa kabla haujapitisha umeme

Mwanzoni mwa 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Unguja akinunua bidhaa za safari ya kumtafuta Livingstone, safari iliyomleta hapa Kwihara, jirani na Tabora, mwezi Juni mwaka huohuo. Wafanyabiashara walimweleza mambo ya bara, naye akayaandika: ushanga ulishika nafasi ya sarafu za shaba, nguo nafasi ya fedha, na waya wa shaba njano ukawa kama dhahabu huko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Waya uliopendwa ulikuwa wa namba 5 na 6, unene unaokaribia ule wa waya wa simu ya upepo. Mshauri wake Mwarabu alikadiria kwamba frasila 10 zingemtosha, yaani ratili 350.

Hesabu ya mzigo ule yafaa ifanywe leo, kwa kuwa yeye hakuwa na sababu ya kuifanya. Ratili 350 ni karibu kilo 159. Kipenyo kikichukuliwa kuwa milimita 5, shaba njano ya uzito huo inatoa waya wa takriban mita 950. Ukinzani wake wote, kutoka ncha ya koili ya kwanza hadi ncha ya mwisho, ni kama omu 3.4. Mpagazi mmoja aliyebeba frasila mbili, ambao ndio mzigo kamili wa wakati ule, alikuwa na omu 0.68 begani. Mwanafunzi wa kidato cha pili ataandika miliomu 680, naye atakuwa amefanya badiliko la kwanza la mchana huu.

Ila njia ile ilikuwa na shida yake ya vizio. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo katika nchi ya Unyanyembe, Novemba 1857, nguo ya merikani ilipimwa kwa mikono: minne kwa shuka, minane kwa doti. Mkono wa mrefu si mkono wa mfupi. Kila aliyefunga mzigo pwani na kuufungua Unyanyembe alijua kwamba idadi ya mikono haitoshi bila kumjua mwenye mkono. Mafundi wa umeme wa Ulaya walikuwa bado hawajaondokana na shida hiyohiyo, na hapo ndipo penye kiini cha mhadhara.

Hoja ya pili: kwa miaka mingi omu zilikuwa nyingi

Katikati ya karne ya 19 kila nchi yenye simu ya upepo ilikuwa na ukinzani wake. Waingereza walihesabu kwa maili ya waya wa shaba wa namba 16, Wafaransa kwa kilomita ya waya wa chuma wenye unene wa milimita 4, na Wajerumani kwa maili yao, ambayo ilikuwa ndefu kuliko ya Kiingereza mara nne na ushei. Mwaka 1848 Moritz Jacobi wa Saint Petersburg alikata waya wa shaba, akatengeneza nakala zake na kuwatumia wataalamu wenzake wapime kwa huo. Wazo lilikuwa jema, ila shaba ya wakati ule haikuwa safi sawasawa, na uchafu kidogo tu huongeza ukinzani.

Werner Siemens aliachana na waya. Mwaka 1860 alipendekeza safu ya zebaki yenye urefu wa mita moja na eneo la mkato la milimita moja ya mraba, ikiwa kwenye nyuzi sifuri za Selsiasi. Zebaki husafishika vizuri, na kila mwenye bomba la kioo na barafu angeweza kujitengenezea kipimo hicho. (Barafu, ndugu zangu, Tabora ya 1860! Kipimo cha dunia kilibuniwa na watu wenye majira ya baridi.) Waingereza nao, kwa rai ya William Thomson, waliunda kamati mwaka 1861 chini ya Chama cha Uingereza cha Kuendeleza Sayansi, na baada ya miaka michache wakatoa kizio chao kwa umbo la koili za waya.

Vizio hivyo viwili, cha Siemens na cha Waingereza, viliishi pamoja kwa zaidi ya miaka 20. Mkutano wa Paris wa 1884 ulijaribu kuvipatanisha kwa safu ya zebaki ya sentimita 106. Mwaka 1893, mjini Chicago, urefu ukarekebishwa kuwa sentimita 106.3, na uzito wa zebaki ukatajwa: gramu 14.4521. Hiyo ndiyo omu ya kimataifa. Ujerumani iliitia katika sheria tarehe 1 Juni 1898, jambo linalowahusu hasa watu wa Tabora, kwa kuwa waya wa simu wa posta ya Kijerumani ulifika huku katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, ukifuata mapito ya misafara, kabla ya reli iliyofika mwaka 1912. Ulikuta kizio kimekwisha kutulia.

Kama ungalitangulia miaka 20, hali ingalikuwa nyingine. Wenye kalamu na wafuatilie. Tuseme waya ni wa chuma, unene milimita 4, na umbali kutoka Dar es Salaam ni kilomita 840. Waya wa namna hiyo una takriban omu 10.3 kwa kilomita, kwa hiyo njia nzima ina omu 8,650. Siemens moja ya zamani ilikuwa omu ya kimataifa 0.9407, kwa hiyo waya uleule kwa kipimo chake ungekuwa 9,195. Kizio cha zamani cha Waingereza kilikuwa karibu omu 0.9866, kwa hicho ungesomeka 8,767. Waya haujarefuka wala kufupika. Kilichobadilika ni kitabu cha karani.

Je, tofauti hiyo ilimdhuru nani? Ilimdhuru mtu wa kutengeneza njia. Waya ukianguka porini na kugusa ardhi, karani hakai kungoja habari. Hupima ukinzani kutoka kituoni hadi panapovuja, akagawanya kwa ukinzani wa kilomita moja, akapata umbali. Tuseme karani wa Tabora amesoma 400 kwenye chombo cha Siemens, akamwandikia fundi "400" bila kusema 400 za nini. Fundi akidhani ni omu, atagawanya kwa 10.3 na kwenda kilomita 38.8. Hitilafu yenyewe iko kilomita 36.5. Atakuwa ameipita kwa zaidi ya kilomita mbili, ndani ya miombo, na huenda jua linazama.

Njia ya kuepuka hilo ni rahisi kiasi cha kutia aibu: zidisha 400 kwa 0.9407, andika 376, andika "omu". Kilichotakiwa ni karani ajue kwamba kuna la kuzidisha.

Hoja ya tatu: herufi ndogo na herufi kubwa

Siku hizi hakuna anayepima kwa zebaki. Mkanganyo umehamia kwenye viambishi. Kiloomu ni omu 1,000, megaomu ni omu 1,000,000, miliomu ni sehemu moja ya 1,000 ya omu. Kwa alama, mega huandikwa kwa M kubwa na mili kwa m ndogo. Kati yavyo mna tofauti ya mara bilioni moja, na kinachovitenganisha ni ukubwa wa herufi.

Fundi anayekagua nyumba katika mitaa ya Tabora kama Cheyo au Kitete hukutana na zote mbili saa hiyohiyo. Akipima kihami cha nyaya kwa kile chombo ambacho mafundi hukiita mega, anataka kuona walau megaomu 1. Kwenye volti 230, hiyo inaruhusu mkondo wa miliampea 0.23 tu kuvuja. Akigeuka kupima waya wenyewe, anataka kinyume chake kabisa. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba una omu 7.41 kwa kilomita. Tarakimu hiyo ina uzuri wake: omu kwa kilomita ni sawa na miliomu kwa mita, bila kugusa namba, kwa kuwa juu na chini vyote vimegawanywa kwa 1,000. Soketi iliyo mita 20 kutoka kwenye ubao ina mita 40 za kwenda na kurudi, yaani miliomu 296. Pasi na jiko vikivuta ampea 20 kwa pamoja, volti 6 hivi zinapotea njiani. Anayeandika cheti "1 mΩ" akikusudia megaomu ametangaza, kwa maandishi na sahihi yake, kwamba waya wa moto na wa nyutro zimeunganishwa.

Mafundi redio wa sokoni wamelimaliza tatizo hili zamani kwa rangi zilizopakwa kwenye kikinzani. Njano, zambarau, nyekundu: 4, 7, kisha sifuri mbili, yaani omu 4,700, au kiloomu 4.7. Kwenye karatasi ya saketi huandikwa 4K7, herufi ikikaa mahali pa nukta ili nukta isifutike karatasi ikichakaa. Ni busara ya watu waliochoshwa na nakala mbovu.

Hoja ya nne: ukinzani ukipinduliwa

Kuna badiliko ambalo si la kuzidisha wala kugawanya kwa 10. Moja ikigawanywa kwa ukinzani hupatikana upitishaji, na kizio chake tangu 1971 kinaitwa siemens. Ni jina la bwana yuleyule wa zebaki. Zamani siemens nyingi zilimaanisha umeme unazuiwa sana. Leo zinamaanisha unapita vizuri. Anayesoma daftari la 1875 na la 1975 kwa pamoja na aangalie tarehe kwanza.

Mfano wa hapa nyumbani ni maji. Tangu maji ya Ziwa Viktoria yaletwe Tabora kwa bomba kupitia Nzega, wapima maji wanayapima kwa maikrosiemens kwa sentimita. Maji ya ziwa hilo yana takriban 100. Kupindua: milioni moja ugawanye kwa 100 ni 10,000, na hizo ni omu-sentimita. Kupata omu-mita, gawanya tena kwa 100: zinabaki 100. Mwisho wa njia ya misafara, Ujiji, Ziwa Tanganyika lina takriban 650. Kwa hesabu hiyohiyo ni omu-mita 15 hivi. Viktoria hujazwa zaidi na mvua ya moja kwa moja. Tanganyika hupoteza maji yake mengi kwa mvuke na kubakiza chumvi, tena Mto Ruzizi huliletea nyingine kutoka Ziwa Kivu. Msafiri aliyekunywa maji ya maziwa yote mawili huenda alionja tofauti hiyo. Chombo huitaja kwa namba.

Omu-mita na omu-sentimita ndizo zinazowakosesha watu zaidi, hasa kwenye ardhi. Udongo wenye maji wa omu-mita 30 utaandikwa na mwingine omu-sentimita 3,000, na wote wawili wamesema kweli. Ukichimbia fito ya shaba ya mita 1.5, yenye unene wa milimita 16, katika udongo huo, ukinzani wa ardhi utakuwa karibu omu 18. Mchoraji akiichukua 3,000 na kudhani ni omu-mita, karatasi yake itatoa omu 1,800, naye ataagiza shaba ya kuzungushia mtaa mzima. Fedha za miradi hupotelea humo pia, wala si kwa wizi peke yake.

Hoja ya tano: joto na msimu

Hadi hapa hesabu imekuwa safi. Sasa inachafuka, na mwenye kufundisha vizio bila kufika hapa amewapunja wanafunzi.

Shaba huongeza ukinzani wake kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Turudi kwenye kilomita zetu 840, safari hii kwa waya wa shaba wa milimita 4. Kwenye nyuzi 20 ni omu 1,150. Waya uliopigwa na jua la Oktoba hadi nyuzi 40 utakuwa na omu 1,240. Ongezeko hilo ni karibu asilimia 8, kubwa kuliko tofauti ya Siemens na omu iliyozusha mabishano ya miaka 20 huko Ulaya! Ndiyo maana zebaki ya Siemens ilifungwa kwenye nyuzi sifuri, na ndiyo maana majedwali ya leo huandika nyuzi 20 pembeni. Aliyepima asubuhi na aliyepima saa nane mchana wanaweza kugombana bure.

Udongo ni mbaya zaidi. Mchanga wetu huku Unyamwezi hunywa mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha hukauka miezi mingi mfululizo. Udongo ukipanda kutoka omu-mita 30 hadi 300, ile fito ya omu 18 inakuwa ya omu 180, na swichi inayotegemea mkondo wa kutosha kukata umeme huenda isikate. Cheti cha Februari hakisemi kitu juu ya Septemba. Wakaguzi wengi wanalijua hili. Fomu nyingi hazina mahali pa kuliandika.

Hoja ya sita, fupi

Omu yenyewe imeacha kukaa ndani ya bomba la kioo. Mwaka 1980 Klaus von Klitzing, akifanya kazi Grenoble, aliona kwamba kwenye baridi kali na usumaku mkubwa ukinzani wa tabaka jembamba la elektroni husimama kwenye ngazi maalumu, zote zikitokana na omu 25,812.807 kugawanywa kwa namba kamili. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Tangu Mei 2019 omu inatoka kwenye viwango viwili vya maumbile vilivyopangiwa thamani isiyobadilika. Omu ya kimataifa ya Chicago, ikipimwa kwa hii ya sasa, ni 1.00049. Njia yetu ya chuma ya omu 8,650 ingesomeka leo 8,654. Tofauti haifiki nusu kilomita ya waya. Wazee wale wa zebaki walikuwa hodari, na inafaa isemwe.

Hapa nchini mnyororo wa ulinganishaji hupitia maabara za vipimo za Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1975. Fundi mwenye mita ambayo haijalinganishwa na kitu chochote tangu inunuliwe hana omu. Ana maoni.

Kazi iliyo mbele

Reli mpya ya umeme tayari inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu 2024, na kipande cha Makutupora hadi Tabora kinajengwa. Umeme wake ni wa volti 25,000. Waya wa juu ukiwa wa shaba ya milimita 150 za mraba, una omu 0.115 kwa kilomita, yaani miliomu 115. (Wahandisi waliokunja uso wako sahihi: kwenye mkondo geu kuna zaidi ya ukinzani mtupu, na hesabu hiyo ina mhadhara wake.) Mkondo utarudi kwa reli na kwa ardhi, ardhi ileile ya Itigi, Tura, Goweko na Igalula ambayo hubadilika kutoka masika hadi kiangazi.

Pendekezo kwa chuo cha ufundi na kwa shule za sekondari za mji huu ni hili. Fito chache zichimbiwe kwenye viwanja vya shule kandokando ya reli, kutoka Manyoni hadi Tabora, na wanafunzi wazipime kila mwezi kwa mwaka mzima. Daftari liwe na safu sita: tarehe, saa, joto, siku tangu mvua ya mwisho, namba, na kizio kikiandikwa kwa herufi zote, "omu", bila kifupisho. Mita ilinganishwe kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Kumbukumbu kama hizo zitawafaa wahandisi wa reli, wa umeme wa vijijini na wa minara ya simu. Mwezi wa kuanza uwe Oktoba, ardhi ikiwa kavu kabisa, ili ongezeko la maji lionekane tangu mvua ya kwanza.

Maswali sasa yanakaribishwa, tukianzia na mzee wa safu ya mbele aliyenyoosha mkono tangu kwenye zebaki.